Nani Anayekula Betri

Tuyaara aliitupa mezani kama samaki aliyeharibika.
"Usiku ilijaa. Asubuhi imekufa.
Kaka, niambie nani anayekula betri yangu."
Nje, kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini na tisa chini ya sifuri,
na moshi wa mabomba ulisimama wima juu ya mapaa,
haujui pa kwenda.

Nikasema: baridi.
Mtu yeyote wa Yakutia angesema hivyo.
Hapa baridi ndiye mshukiwa wa kwanza kukamatwa,
hata mlango ukilia, hata mume akichelewa.
Ivae, nikamwambia. Iweke kwapani,
chini ya sufu, chini ya shati, kwenye ngozi yenyewe,
usiitoe mpaka bwana harusi aache kucheka.
Akaenda. Akapiga picha mbili za bibi harusi.
Ya tatu, kioo kikawa cheusi,
akabaki anajitazama humo, kope zake nyeupe kwa barafu.

Nikashuku ncha za shaba.
Nilichukua kifutio cha shule cha mwanangu,
nikazisugua moja moja kama mtu anayepiga mswaki meno ya paka.
Nikapuliza vumbi (kosa la mwanafunzi:
pumzi yangu ikaacha ukungu ndani),
nikafuta kwa pamba na spiriti,
mke wangu akanusa vidole vyangu,
akaninunia mpaka usiku.

Nikashuku chaja, maana taa ya kijani huweza kudanganya.
Mita ikasema volti nane na nukta tatu. Haikudanganya.
Nikashuku betri yenyewe, ya sokoni kule mjini,
jina la kampuni limekosewa herufi moja.
Niliilaza juu ya kioo nikaizungusha kwa kidole,
kwa sababu iliyovimba huzunguka kama pia.
Hii ilikwaruza kidogo, ikatulia. Tumbo lake lilikuwa bapa.

Niliichaji tena.
Nikabandika kipande cha plasta, nikaandika saa: nne na robo usiku.
Nikalala jikoni, karibu na jiko la kuni,
kando ya beseni ambamo kipande cha mto kilikuwa kikiyeyuka
kiwe chai ya kesho.

Saa tisa, nyayo.
Bibi Maappa, peku, shali begani,
akaichukua kamera rafuni bila kupapasa.
Hajui kitufe cha kupigia picha.
Anajua kimoja tu, chenye pembetatu.
Uso wake ukawa wa buluu.

Nikasikia ulimi.
Ulimi mkubwa, mkavu, ukilamba manyoya mabichi,
na sauti ya Tuyaara nyuma: "Amesimama! Tazameni, amesimama!"
Sekunde arobaini na moja.
Ni Turaakh, yule mweusi, na ndama wake wa Aprili,
kabla mafuriko hayajachukua majani ya malisho,
kabla ya Novemba, tulipohesabu marobota
na bibi akatoka nje ili asihesabu.

Sekunde arobaini na moja. Tena. Tena.
Kisha kidevu kikamshuka kifuani,
na mashine ikabaki macho mapajani mwake,
ikiwaka kwa ajili ya mtu aliyelala.

Kikulacho ki nguoni mwako,
nami nilikuwa nimeshaipeleka mpaka kwapani.

Asubuhi nilimwambia dada yangu: nunua ya pili.
"Na hii imepona?"
Haitapona, nikasema. Ifungie utepe mwekundu,
isitoke nyumbani, mimi nitaichaji.
Akanitazama, akautazama mlango wa chumba cha bibi,
akachukua koti lake.

Siku tisa sikuambiwa neno.
Ya kumi, nikiwa nimeinama natia kuni,
bibi alinigusa sikio kwa kidole chenye baridi.
"Fundi," alisema, "ile sauti ya ng'ombe.
Huwezi kuiongeza kidogo?"