Jiwe la Juu

Julai, na baridi ya Nairobi imeketi darasani kabla yetu.
Chumba ni ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri; hata daftari zetu hunuka grisi.
Kila Alhamisi, saa kumi na mbili unusu,
Mwalimu Nzilani hupangusa ubao kwa leso yake
akaandika toka kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayerudi nyumbani kinyumenyume.

Mimi ni karani. Mchana naandika rehani
za Bwana Gichohi, mkopeshaji wa Kariokor:

Nambari 38, mtungi wa gesi, kilo sita.
Nambari 39, godoro, halijachanika.
Nambari 40, redio na waya wake.
Nambari 41, pikipiki nyekundu, ya Ambani, funguo mbili.

Hayo sikuwaambia wenzangu.

Sheria ya usiku ule ilikuwa fupi:
mkopeshaji asishike rehani mawe ya kusagia,
hata lile la juu peke yake.
Mchungaji akainua mkono: mbona la juu litajwe tena,
si limo tayari katika yale mawili?
"Wale wa kale hawakumwaga wino ovyo," mwalimu akasema.
"Neno lililozidi ni mlango. Bisheni."

Tukabisha. Mzee Odhuno, mstaafu wa reli:
la juu ni jepesi, mdai hulibeba kwapani
na mwenye nyumba angali anatafuta viatu.
Mchungaji: la chini likiachwa pweke
si la kusagia tena, ni la kukalia;
aliyechukua nusu amechukua yote.
Kerubo, ambaye huwa hasemi, akasema
bibi yake alilala na jiwe dogo mvunguni
asije jirani akaliazima alfajiri
watoto wakashinda na mtama mzima mdomoni.

"Sasa tazameni," akasema mwalimu, chaki ikilia,
"jiwe hili hapa halikuitwa jiwe.
Limeitwa mpandaji. Mzizi ni ule ule
wa kupanda farasi, wa gari la vita.
Limempanda mwenzake, linazunguka."

Mpandaji.
Chini barabarani pikipiki ikakohoa, ikapita.
Nikavitazama vidole vyangu, vina wino wa daftari la nani.

"Na sababu imetolewa: anashika nafsi.
Wafasiri wetu huandika uhai, huandika roho,
wala hawajakosea. Ila neno hili,
kabla halijapanda cheo likawa roho,
lilikuwa koo. Koo hili, la kupitishia uji.
Someni upya: ashikaye jiwe la juu
amemshika mtu koo.
Sheria haijamwita mkopeshaji mwovu.
Imemwonyesha tu mkono wake uko wapi."

Ambani huja kila asubuhi, saa mbili,
hasemi kitu, haombi kitu.
Huifuta vumbi pikipiki iliyokuwa yake,
huanza na taa, humaliza na kiti,
kisha huondoka kwa miguu kuelekea Pumwani.

Ningependa kuandika kwamba Ijumaa ile nilimpa funguo.
Sikumpa. Nina kodi, nina mtoto wa kidato cha pili,
na hata ada ya Mwalimu Nzilani
hutoka katika riba ile ile.
Nilingoja apinde kona ya kinyozi,
nikalifungua daftari, na pambizoni,
mkabala na nambari 41,
nikaandika kwa penseli, herufi ndogo: koo.

Bwana Gichohi aliliona jioni, akihesabu.
"Hili nini?"
"Maelezo."
"Ya pikipiki?"
Sikujibu. Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akaivaa, akausoma mstari hadi mwisho wake,
kisha kidole chake kikaanza kurudi,
toka kulia kwenda kushoto, polepole,
mpaka kwenye jina la Ambani.

"Daftari langu," akasema bila kuniangalia,
"haliandikwi kwa penseli."
Akanisukumia kalamu ya wino.