Mwiko

Jana nilimfasiria mgeni kutoka Ohayo,
bwana mwembamba, tai imemlegea,
hapa Sohar, ukumbi wa wafanyabiashara,
kiyoyozi kikinguruma kumshinda yeye.
Kiingereza kiliingia sikioni, Kiarabu kikatoka mdomoni.
Kiswahili changu kilikaa nyuma kama mtoto wa kufikia,
kikisikiliza, kisiulizwe.

"Chama chetu," alisema, "ni cha wanaohifadhi."
Nikafasiri. Hakuna aliyeuliza: nini?

Zamani jibu lilikuwa jepesi, alisema:
serikali ndogo, soko huria, bidhaa zipite.
Sasa vijana wao wanadai ushuru,
wanataka tanuri ziwake tena katika mji wa baba yake
ambako kiwanda kimegeuzwa ghala la viti vya harusi.
Hapo vilemba vikainuka.
Ushuru tunaujua. Aluminiamu yetu inaondoka bandarini,
na asilimia chache zikiongezwa kule
zinaweza kula zamu ya usiku ya mpwa wangu Muhanna.

"Tunasema mama alee mwanawe nyumbani.
Na pango nani alipe? Serikali?
Ile ile tuliyoapa kuipunguza?"
Akanywa maji.
"Tunasema mpaka ufungwe. Nyanya atachuma nani?"
Hakucheka mtu.
Kahawa tulimiminiwa na kijana wa Sylhet,
pasipoti yake sijui imo droo ya nani.
"Tunasema askari warudi kwao."
Afisa mmoja akageukia dirisha, upande wa Hurmuzi,
akakaa hivyo mpaka nikamaliza sentensi.

Usiku nikamsimulia mama, naye anakuna nazi ya Kerala
akiilaumu kwa kutokuwa ya Wete.
"Mhafidhina?" akauliza. "Kahifadhi juzuu ngapi?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikwama.
Kwani aliyehifadhi hachagui aya;
akianza, hufika mwisho.
Hawa kila mmoja kakariri ukurasa wake,
huyu soko, yule kanisa, yule bendera,
na uzi wa kitabu umefumuka zamani.

Si kwamba sisi tuna jalada.
Mama anahifadhi Kiswahili mezani,
wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza cha katuni.
Hana sera, hana kamati.
Ana mwiko tu, kwa maana zote mbili:
anayechanganya lugha hupakuliwa mwisho,
na wa mwisho hupata ukoko.
Wajukuu wamegundua kwamba ukoko ni mtamu.

Mgeni aliponiaga mlangoni aliniuliza, kwa sauti ya chini,
kama mgonjwa anayemuuliza mgonjwa mwenzake dawa:
"Ninyi mmewezaje kuhifadhi?"
Nikampa jibu la hotelini: kwa subira.

Uongo. Tulihifadhi tulichoweza kubeba.
Kilichotushinda tulikiita mila,
tukakitungia sikukuu.

Muhanna amepiga simu sasa hivi.
Zamu ipo, anasema. Wiki hii ipo.