Toleo la Kwanza

Nilijifunza kusoma kwenye koni ya njugu.
Mwinyikai wa Mwembe Tayari hakujua Kiingereza,
alijua kupinda:
ukurasa mmoja, koni mbili,
magazeti ya katuni aliyoyanunua kwa ratili
kwa makuli wa Kilindini.

Njugu zikiisha, naukunjua.
Nusu ya ngumi. Nusu ya neno.
Mtu wa joho jekundu, mafuta yamempenya
hata ukimwinua juani
unawaona wa upande wa pili
wakipigana ndani ya kifua chake.

Siku moja, mwaka wa sabini na nne,
nikapata daraja refu
na mtu wa buluu aliyeteleza,
kidole kimoja tu kingali kimegusa chuma.
Pembeni, kijisanduku cha manjano, maneno mawili
ambayo kaka yangu Mselem alinisomea kwa moja:
itaendelea.

Nilinunua njugu mwezi mzima.
Tumbo likaniuma.
Haikuendelea.

Leo nina duka la mabango Kongowea.
Mchana naandika HAPA HAKUKOJOLEWI,
naandika MAZIWA YA MTINDI YAPO,
usiku nachora mashujaa.
Wa zamani wale. Siwataki hawa wa sasa
waliovaa bati la kijivu, wamenuna
kama waliokatiwa maji.
Wangu wanacheka meno yote.
Vifua kama makabati ya harusi.
Rangi nne, basi,
na nyekundu sharti ivuke mstari kidogo,
kama wino uliolala vibaya mtamboni.

Kadzo anipakiaye rangi
mwanzo alidhani macho yangu yameingia ukungu.
"Umetoka nje ya mstari."
Nikamwambia, toka zaidi.
Vidoti twavipiga kwa njiti ya kiberiti,
shavu moja, vidoti mia mbili,
shingo inakakamaa, chai inapoa.

Akauliza, mbona chupi iko juu ya suruali?
Nikasema shujaa huvaa mbio.
Alicheka hata kopo la manjano likaanguka
pu!
Naye hapo hapo akaiandika kando ya doa: PU!
Ndipo nilipojua tuna mali.
Pu, chubwi, kacha, ji!
Hatukukopa mlio hata mmoja.
Hata rangi zetu zina sauti:
nyekundu ndu, nyeupe pe, nyeusi ti.

Basi tunaye Bi Mfereji,
akinyoosha kidole bomba la Likoni hutapika
na wenye mikokoteni ya madebe humkimbia.
Tunaye Kimondo wa Makupa,
joho lake ni leso ya mamake,
jina la leso limekaa mgongoni akiruka:
NITAZAME NIKIPITA.
Na adui wao, Profesa Kutu,
mla mabati, mla baiskeli, mla bawaba.
Huyo sikumbuni. Nimesikia dirishani kwangu
akitafuna usiku kucha.

Jana ukurasa wa kwanza umekauka.
Kadzo kauleta mlangoni penye mwanga,
akakunja uso.
Kimondo yuko juu ya Makupa, leso imetanda,
na mikononi kampakata mtu wa buluu,
buluu ambayo haimo katika makopo yetu
(nilikesha siku tatu nikiichanganya),
mguu mmoja haupo, karatasi iliishia hapo,
na kifuani, doa la mafuta.

"Na huyu? Hayumo katika hadithi."
"Mgeni," nikasema.
"Katoka wapi?"
"Juu. Anaanguka tangu sabini na nne."

Kadzo hakucheka.
Alichovya njiti, akampiga vidoti shavuni,
taratibu, kama apanguse jasho.
Kisha akauliza jambo ambalo miaka yote hiyo
sikuwahi kujiuliza:
"Sasa kwa kuwa kadakwa,
ukurasa wa pili atafanya nini?"

Nilitazama karatasi tupu.
Nje kulikuwa na mtu akipiga misumari.
"Sijui," nikasema.
"Basi tuanze na maji ya kunywa," akasema Kadzo,
"halafu tumpe njugu."