Mianga Mitano Nyuma ya Kisima

Nyuma ya picha, kwa penseli iliyofifia:
Nyumbani. Februari 1934. Usiku. Dakika ishirini.
Mwandiko wa babu mdogo, Donats,
aliyeuza magunia mawili ya shayiri akanunua kamera,
kijiji kizima kikamkumbusha kwamba kamera hailiwi.

Mbele ni ua wetu, Latgale, ukingoni mwa kinamasi:
theluji imefika magotini mwa uzio,
zizi, kisima na gogo lake refu la kuvutia ndoo,
na kule nyuma ya kisima, mianga mitano
imefuatana kama vifungo vya koti,
kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia,
wa mwisho chembe tu, penye miti.

Nilimpelekea Bwana Eglons wa makumbusho.
Akavaa glavu, akaweka kioo cha kukuzia jichoni,
akasema: matone. Dawa ya kusafishia picha
humrukia asiye na subira.
Lakini tone huacha ukingo, nikamwambia, kama chai mezani,
na hii haina ukingo, inayeyuka yenyewe gizani.
Akavua glavu. Alikuwa na mgeni mwingine.

Si nyota. Nyota zipo, juu ya paa,
na kwa dakika hizo ishirini kila moja imejiburuta
ikaacha mkwaruzo, kama ukucha wa paka.
Si vimulimuli, mwezi Februari.
Si mshumaa uliojiona kwenye kioo cha dirisha:
dirisha lilikuwa wazi, hilo nyumba nzima inalijua,
bibi aliisema baridi ile mpaka anazikwa.

Vizma, mpwa wangu, anasoma fizikia Daugavpils.
Gesi ya kinamasi, alisema, mdomo umejaa mkate,
mimea ikioza chini, gesi hupanda, huwaka.
Kisha akatafuna polepole.
Kinamasi si kilikuwa barafu?
Kilikuwa barafu; mikokoteni ilipita juu yake.
Basi futa, akasema.

Na jirani Apolonija, miaka tisini na mmoja,
hahitaji kioo cha kukuzia.
Mwanga, anasema,
nami sijui kama ametaja nuru au mchawi,
maana neno ni moja na jicho lake halisaidii.
Mwaka ule ng'ombe wenu alikauka maziwa.
Alikuwa na mimba, Apolonija.
Ndiyo, anasema, na mimba aliipata wapi?

Nitasema langu. Shahidi sina.
Taa za zizini zamani zilikuwa za bati,
pande tatu zimezibwa, upande mmoja kioo.
Zilikuwa mbili; moja ingali kwenye msumari wake.
Mwenye kuibeba akikupa kisogo humwoni, wala taa yake;
akigeuka, ndipo.
Mwili ukipita upesi mbele ya kamera iliyofumbua jicho
hauachi kitu. Moto huacha.

Terezija, dada yake Donats, alikuwa ameposwa na mwenye kinu.
Harusi ilikuwa Jumanne, kabla ya Kwaresima.
Kwetu hakuna picha yake hata moja,
baba yao alizitia jikoni moja moja.

Aligeuka mara tano.
Na aliyekuwa dirishani, kidole kwenye kamera,
hakumwita baba, hakumwita mbwa,
alishikilia kilango wazi mpaka taa ikaingia msituni,
ndipo akafunga, akatazama saa, akaandika.

Desemba iliyopita tulijaribu.
Nilimpa Vizma ile taa iliyobaki,
nikafungua dirisha, nikaanza kuhesabu.
Picha yetu ina mianga minne.
Mara ya tano alisahau kugeuka, anasema, masikio yalimwuma;
akarudi kwa mlango wa nyuma, viatu vimejaa theluji,
akauliza kama kuna chai.