Kusakinisha

Jiko la shule, Hull, saa kumi na mbili asubuhi.
Doreen Garbutt amevaa miwani juu ya miwani.
Maelekezo yameandikwa na mtu
asiyewahi kumfundisha mama yake chochote:
Jenga kutoka kwenye chanzo.
"Chanzo kipi," ananiuliza, "cha mto?"

Mimi ni wa masufuria. Nafuta povu kwenye aproni,
navuta stuli. Kipanya sikigusi;
mkono uwe wake.

"Pakua," namwambia. Kwetu neno hili
lilikuwa la chungu na upawa kabla ya kuwa la faili.
Anacheka: kupakua anajua,
sahani mia tatu kila adhuhuri.
Faili linashuka kama uji mzito.
Bofya hapo. Si mara mbili.
Nyekundu.
Tunarudia. Nyekundu.
Toleo halipatani na seva; tunachukua la mwaka jana.

Halafu: sakinisha.
Hili nashindwa kulifasiri upesi.
Ni kukipa kitu makazi, nasema,
kisiulizwe tena kila siku kimetoka wapi.
Ananitazama kidogo. Anabofya.

Saa moja kamili, kwenye gumzo la wapishi,
orodha inajitokeza, hakuna aliyeichapa:
Karanga: Alfie, Zuzanna.
Maziwa: Idris wa darasa la pili.

Aliyeiandika programu-jalizi hii
ameiacha huria, msimbo wazi, jina nusu.
Doreen anataka kumpelekea keki.
Anwani hatuna.
Ananikatia mimi kipande cha pembeni,
kilichoungua kidogo, jinsi nipendavyo.