Masanduku Mawili

Kapita amekojoa tena.
Si kwenye beseni lake, lile la bluu
nililomnunulia Birere,
nikalijaza unga wa mbao wa seremala Mumbere,
mlaini, mweupe, unaonukia msitu.
Analizunguka kama mpangaji anayekagua choo cha jirani,
ananusa, anakung'uta mguu wa nyuma,
anaondoka.
Kisha pale mlangoni, juu ya sanduku la safari,
anachuchumaa, ananitazama usoni,
anatia sahihi.

Nimemkimbiza na kandambili.
Mama mkwe alisema nimsugue pua penye maji:
nilimsugua, akajificha siku mbili uvunguni,
ya tatu akakojolea na kitanda.
Nimepaka ndimu. Nimenyunyiza pilipili,
tukapiga chafya mimi na Kavugho hadi machozi,
yeye akalala.
Nimemwaga javeli nusu chupa:
nyumba ikanuka hospitali,
halafu ikanuka Kapita.

Mama Nzigire wa ng'ambo ya ukuta akasema,
mtie guniani, mpe kijana wa chukudu,
amtupe Sake.
Nilitoka na gunia.
Nikarudi na makala ndani yake.

Daktari Ntaboba, mtu wa ng'ombe wa Masisi,
alicheka kwanza,
kisha akauliza kama anavyouliza habari za mtu:
Anajikamua? Analia? Umeona damu?
Dume akikosa mkojo siku nzima, usingoje kukuche.
Nikasema, huyu? Huyu ni bomba siku maji yanaporudi mtaani.
Basi haumwi, akasema. Anasema.
Alizaliwa wapi?

Buhene.
Nikatafuta cha kuongeza, sikupata.

Buhene, nyuma ya jiko, mchanga mweusi wa mlima,
mkavu, wenye kelele ndogo ukiuchimba.
Usiku ule mbingu ilipoiva kama chuma cha mhunzi
nilibeba mtoto mgongoni, sanduku kichwani,
na Kapita ndani ya kikapu, kifuniko nimekifunga kwa kitenge.
Alikojoa njia nzima.
Kiuno changu kililowa hadi Sake
wala sikumgombeza.
Nani angemnyooshea nani kidole?
Barabara nzima ilinuka woga.

Tangu hapo sanduku halijaondoka mlangoni.
Vitenge viwili, sweta, vyeti, tochi.
Ardhi ikitikisika, jicho langu huenda pale
kabla ya kwenda kwa mtoto. Naona haya kusema, lakini ndivyo.
Nilidhani ni siri yangu.
Paka naye ana macho.

Jumapili nilipanda Buhene na bidoni iliyokatwa mdomo.
Nyumba yetu sasa ni makoro, na juu ya makoro
mtu ameshaanza kupanda maharagwe.
Nikachota mchanga pembeni, nikauchekecha
kwa chekecho la unga (Kavugho asijue),
nikaumimina kwenye beseni, nyuma ya kabati, mbali na sambaza zake.

Akaja. Akanusa.
Akaingia miguu minne.
Akachimba, akachimba, kelele ile ndogo,
na mimi nimesimama na ufagio,
nimeziba mdomo kwa ncha ya kitenge,
namsikiliza mnyama akienda choo
kama ninayesikiliza jina la nyumbani.

Ndipo nikafungua sanduku jingine.
Nikafua. Nikaanika.
Cheti cha kuzaliwa cha Kavugho kina mihuri miwili sasa,
wa serikali, wa bluu,
na ule wa Kapita, wa njano, mkubwa zaidi.
Nguo zikaingia kabatini.
Vyeti nimevitia mfukoni wa plastiki, nikavitundika msumarini juu:
sijawa mjinga.

Jana usiku ardhi ilitetema kidogo,
vikombe vikasalimiana.
Nikatazama mlangoni, hamna kitu.
Kapita naye akatazama.
Tukatazamana.
Kisha akashuka, nikasikia mchanga.

Asubuhi nimekuta kiatu kimelowa.
Kimoja tu.
Wiki iliyopita vilikuwa viwili.