Wekundu

Sista Riziki amenivuta ukope wa chini kwa kidole gumba,
akatazama, akanyamaza.
Ndani ni kweupe, asema,
kama kitambaa cha kufunikia sima.

Damu, kwa mashine yake, saba nukta tatu.
Mimi hesabu hiyo siijui. Nakijua kisima cha Ganda
na jinsi ninavyotua ndoo mara nne njiani,
pale ambapo kwa mimba ya Kahindi
nilitua mara moja tu, tena kwa ajili ya umbeya.

Hivi wamo wangapi humu?
Mmoja hunipiga teke alfajiri, namjua,
ananidai jina.
Wengine hawana teke wala jina.
Wameuma ukuta wa utumbo,
wananing'inia, wanakunywa.
Waliingia kwa wayo, asema sista,
bila hodi, siku ya palizi,
udongo wa mtoni ukiwa bado umelowa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema.
Mgeni kaja.
Mwenyeji ashika ukuta ndipo asimame.

Na ukuta wenyewe naula.
Usiku, Karisa akisinzia, nabandua kibonge,
mvua ya kwanza yote juu ya ulimi,
namwambia mtoto: ni wewe unayetaka.
Kumbe si yeye.

Juzi nilivuka daraja la Sabaki.
Mto umefura, mwekundu,
unamwaga mashamba ya watu wa mbali baharini
hata maji ya Malindi yamegeuka rangi ya chai.
Niliuonea wivu mto.
Una wekundu wa kutupa.

Kahindi alizaliwa kilo mbili kasorobo.
Mama mkwe alimpima kwa kiganja, akasema
huyu ni mtoto wa kuazima.
Wote walicheka.

Tembe moja ya kutafuna, mbele ya sista,
ladha ya chaki.
Na vidonge vya damu, mfuko mzima.
"Na miguu?" akauliza.
Miguu ipo, nikamjibu.

Chini ya kitanda zipo ndara za samawati,
bado zina karatasi ya duka.
Niliziweka kwa safari ya hospitali,
nisiende kujifungua kama asiye na mume.

Leo nimezivaa kwenda kupalilia.
Mama mkwe, pekupeku, jembe begani, kacheka
hadi akashika kiuno: Nyevu, arusi ya nani?
Tope likainyonya ya kushoto, ikabaki.
Nikainama polepole, tumbo likitangulia,
nikaichomoa,
nikaivaa tena.